Msichana Mwenye Vibanio Mdomoni

Nina watoto watatu niliowazaa mwenyewe, na wote kwa pamoja hawajawahi kunichosha kama huyu mmoja wa dada yangu. Tangu ajue kusimama, hajajua kukaa. Akila, mguu wake unapiga meza kwa chini. Akifua, anafua huku anacheza, na maji yote yako sakafuni. Tulimpa jina la Kiherehere kabla hajaanza shule, likamkaa mpaka walimu wakawa wanalitumia. Hakukasirika hata siku moja. Alisema mtu mwenye jina la utani ni mtu anayeonekana, na shida yake kubwa hapa duniani ilikuwa aonekane.

Alipokuwa na miaka kumi na sita alikwenda kwenye usaili wa tamthilia ya televisheni bila kumwambia mtu, akarudi na kiatu kilichokatika kisigino na habari kwamba amechukuliwa. Lakini kwa kuwa bado ni mtoto, walitaka awe na mtu mzima wa ukoo kila siku ya kazi. Mama yake hawezi. Dada yangu anafanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, zamu juu ya zamu, na shuka za wagonjwa haziishi. Mimi ni fundi cherehani, na pindo za suruali naweza kuzishonea popote penye kiti. Basi nikabeba suruali za watu na mtoto wa watu, tukaenda.

Tamthilia yenyewe ni ya kuchekesha na kuliza kwa pamoja. Kuna familia ina duka la dobi. Wanagombana, wanadanganyana, wanapendana, na maneno yakiwashinda wanaimba. Baba akishindwa kumwomba mkewe msamaha, anaimba. Mteja akipotelewa na shati, anaimba. Mwanzoni niliona upuuzi mtupu, maana sijawahi kuona mtu aliyepotelewa na shati akaimba. Wengi ninaowajua mimi hutukana.

Kazi ilifanyika kwenye ghala la zamani la magunia. Ndani walijenga nusu ya duka na nusu ya ua, kila kitu nusu, kwa sababu kamera haitazami nyuma yake. Mvua ikinyesha kazi inasimama kwa kelele za bati. Nilipewa kiti cha plastiki pembeni, karibu na nyaya, na kazi yangu ilikuwa kutosogea. Kiherehere alikuwa msichana wa kuanika nguo uani. Alikuwa na maneno mawili matatu kwa kila sehemu: "Mvua inakuja, mama." "Hili shati la nani?" Kwenye nyimbo aliitikia nyuma na wenzake. Wimbo wa peke yake hakuwa nao, na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Aliutaka akiwa macho na akiwa usingizini.

Nyimbo zina utaratibu wake. Kwanza watu wanakwenda studio kurekodi sauti. Siku ya kupiga picha, ile sauti inapigwa kwenye spika, na waigizaji wanaifuatisha kwa midomo tu. Kwa hiyo wimbo mmoja unasikika ghalani mara nyingi mpaka unauota. Mimi niliuota. Kiherehere aliukariri, na si wimbo tu. Alikariri maneno ya kila mtu, ya baba mwenye duka, ya mteja, ya mama mkwe, na zaidi ya yote ya yule dada mkubwa tuliyemwita Malkia, aliyekuwa binti wa dobi na mwenye nyimbo zote nzuri. Njiani kurudi nyumbani alinichezea sehemu nzima, watu wote, mpaka milango ilivyokuwa ikifungwa.

Siku moja mwongozaji akaniita mimi na yeye kwenye chumba cha mhariri wa picha. Huyu mwongozaji tulimwita Bwana Tena, maana kila mkikata picha mkidhani mmemaliza, husema "Tena." Chumba kilikuwa kidogo na joto la mashine. Kwenye kioo cha mashine alikuwa babu wa ile familia, anaungama kwa mjukuu wake kwamba nguo ya harusi ya marehemu mkewe haikuibwa, aliiunguza yeye kwa pasi, akaificha miaka yote. Mzee alicheza vizuri sana, machozi yalimlenga kweli. Halafu mhariri akanyoosha kidole nyuma ya mzee, kwenye kamba ya nguo.

Alikuwa Kiherehere. Midomo yake inakwenda. Kila neno la babu lilikuwa mdomoni mwake, na baadhi alimtangulia. Babu alipokohoa, yeye alikuwa ameshakohoa. Mhariri alicheka mpaka akavua miwani, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pia.

Bwana Tena hakucheka. Picha haikuweza kurudiwa, kwa sababu yule mzee alikuwa ameshanyoa ndevu kwa ajili ya kazi nyingine.

"Mama," akaniambia mimi, si yeye, "mtoto wako anaigiza watu wote. Mimi nilimwajiri aigize mmoja. Nikiuona mdomo huu unacheza tena, namtoa."

Nilimsema njia nzima. Nilimwambia ameona kazi ni mchezo, kwamba wako mia wanaokitaka kile kikamba chake cha nguo. Alinyamaza, na nikajua mambo ni mazito, maana kwake kunyamaza ni homa. Mwisho akasema, "Mama mdogo, sifanyi makusudi. Sijui hata inapoanza." Siku zilizofuata tukawa roho juu, yeye na mimi. Alijaribu kuuma midomo, akaonekana ana hasira. Alijaribu kushika maji mdomoni, akayameza vibaya katikati ya wimbo wa Malkia na kupaliwa. Bwana Tena akamtazama tu. Mimi pale kwenye kiti nilishona mguu mmoja wa suruali ukawa mfupi kuliko mwenzake.

Dawa ilitoka nyumbani. Dada yangu alikuwa na siku ya mapumziko, na mapumziko yake ni kufua. Alikuwa anaanika, vibanio viwili vya mti mdomoni, kimoja mkononi, na huku anamfokea binti yake kuhusu kitanda kisichotandikwa. Kilichotoka ni "mm, mmh, mm" tu. Kiherehere alisimama na beseni, akamtazama mama yake mdomoni. Kisha akaondoka na vibanio vinne bila kuaga.

Kesho yake aliingia uani kwenye tamthilia na vibanio vimebanwa kwa meno. Malkia alikuwa analia kwa kuachwa na mchumba. Nyuma yake Kiherehere anaanika, anamwonea huruma, anataka kusema neno, na hawezi. Yote yalikuwa usoni. Akachomoa kibanio, akabana soksi, akabaki na kimoja. Nilikunja shingo nikingoja balaa. Bwana Tena akasema, "Tena. Na vibanio hivyo hivyo."

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni. Sehemu ile ilipoonyeshwa, watu hawakuongea habari za Malkia na mchumba wake. Waliongea habari za yule msichana wa vibanio. Watoto mtaani wakawa wanapita na vibanio mdomoni. Muuza duka wetu alisema hajawahi kuuza vibanio vingi kiasi kile kwa watu wasio na nguo za kufua. Dereva mmoja alisimamisha gari katikati ya barabara ili amwangalie, na waliokuwa nyuma wakampigia honi kwa matusi yote. Kiherehere alitembea kwa madaha wiki ile, shingo juu, kichwa kimevimba, na mimi nilimwacha afurahi. Aliumia meno kwa ajili hiyo.

Kilichofuata hakikumfurahisha. Mwandishi wa tamthilia, mwanamke mmoja mwerevu mwenye sauti ya upole, alianza kumpunguzia maneno. "Mvua inakuja, mama" ikawa ni kuonyesha mbingu kwa kidole. "Hili shati la nani?" ikawa ni kuliinua shati na kukunja uso. Watu walicheka zaidi. Kisha kwenye nyimbo za pamoja wakamwambia asije studio, mtu mwenye vibanio mdomoni ataitikiaje. Siku aliyofungua karatasi zake za kazi na asione hata neno moja, alizigeuza nyuma na mbele, akaniambia taratibu, "Mama mdogo, wamenifunga mdomo." Nilimwambia ameufunga mwenyewe. Ilikuwa kweli na haikumsaidia.

Mtu mwingine angelala. Yeye alikwenda kwa mwandishi, na mimi nyuma yake kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mficha uchi hazai, alisema, naye hana cha kuficha. Anataka kuimba. Wimbo mmoja, peke yake, mpaka mwisho. Mwandishi alimsikiliza kweli. Akasema alikuwa na wazo hilo hilo. Katika sehemu ya mwisho ya msimu, msichana atachomoa vibanio vyote na kuimba, na nchi nzima itakaa kumsikiliza. Bwana Tena akakubali. Nilijiuliza kama wanampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini wimbo uliandikwa kweli, niliuona. Ni msichana anayewaimbia wenye nguo. Amezianika miaka na hajawahi kukutana nao. Kuna mahali anasema, "Nakujua kwa shati, hunijui kwa jina."

Kuanzia hapo nyumba yetu haikuwa na amani. Aliimba chooni, aliimba akipiga mswaki. Alimwuliza kila mtu, ni nzuri? Akaambiwa nzuri, akauliza nzuri kiasi gani. Dada yangu kila akirudi alikuwa amechoka, na mtoto alikataa kumwimbia. "Wewe utanisikia kwenye televisheni, mama. Bila kunisikia jikoni kwanza." Akamwapisha abadilishe zamu siku hiyo. Na dada yangu, ambaye hajawahi kubadilisha zamu hata kwa ugonjwa wake mwenyewe, akaapa.

Siku ya studio nilikaa upande wa fundi wa sauti, mtu mnene mpole, mtoto akiwa ng'ambo ya kioo amevaa vile vya masikioni. Muziki ukaanza, akaimba. Nilipigwa na butwaa. Ilikuwa sauti ya redio kabisa. Fundi akabonyeza kitufe cha kuongea naye.

"Vizuri. Huyo ni Malkia. Sasa imba wewe."

Akaimba tena. "Huyo ni baba mwenye duka," fundi akasema. Akaimba tena, na safari hii hata mimi nikamtambua mama mkwe. Hakuwa anatania. Nilimwona usoni, alikuwa anatafuta. Alijaribu mpaka jasho likamshuka puani, na kila alipofungua mdomo alitoka mtu mwingine tunayemjua. Mwanangu alijifunza kila mtu na akasahau kujiacha nafasi. Mwisho akavua vile vya masikioni, akatoka, akasimama mbele ya fundi, mikono kiunoni.

"Wewe umenisikia wapi mpaka ujue hii si sauti yangu?" akamwambia. "Msimu mzima nani amenisikia? Mlinipa hata neno moja nikasema? Nimekaa na miti mdomoni, nacheka na miti, nalia na miti, leo unaniambia sijulikani. Nitajulikanaje?"

Nilimshika mkono, maana fundi ni mtu mzima na hayo si maneno ya kumwambia mtu mzima. Yule bwana hata hakuudhika. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Rudi ndani," akasema. "Uniletee hiyo."

"Hiyo ipi?"

"Hiyo unayonigombezea."

Akaingia bado anahema. Muziki ukaanza, na sauti iliyokuja ilikuwa ya chini kuliko nilivyotegemea, nzito kidogo, ina mikwaruzo. Ni sauti anayoongea nayo nyumbani akiwa amenuna. Penye "hunijui kwa jina" ilimkatika katikati ya neno, akaiokota akaendelea mpaka mwisho. Mimi sindano ilikuwa imenichoma kidole na sikuwa na habari. Alitaka kurudia kwa ajili ya pale ilipokatika. Fundi akakataa. Alisema ameshaipata na hataki nyingine.

Na ghalani pia ilikwenda vizuri. Alichomoa vibanio kimoja kimoja, akaviweka kwenye beseni, akavuta pumzi, sauti yake ikatoka kwenye spika naye akaifuatisha. Malkia alitakiwa kupita nyuma na kapu huku anatabasamu. Alipita akilia, na kapu akaliacha njiani. Wimbo ulipokwisha tulingoja neno la Bwana Tena, na Bwana Tena akasema, "Basi, tumemaliza." Kiherehere alinikimbilia akanikumbatia na kuniangusha na kiti changu.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa Jumapili jioni. Nyumba ilijaa. Majirani walikuja na viti vyao, wengine wakakaa sakafuni, muuza duka akafunga duka. Dada yangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini na sare yake, akapewa kiti cha mbele. Kiherehere alizunguka. Alifungua dirisha, alifunga dirisha, aliwasogeza watu, alimwambia mama yake sasa bado, bado kidogo, sasa inakuja. 

Ikaja. Akasimama mbele ya kamba ya nguo. Akachomoa kibanio cha kwanza, cha pili, cha mwisho.  Uso wake ulijaa kioo. Akavuta pumzi, akafungua mdomo, na kioo kikawa cheusi. Majina ya wafanyakazi yakaanza kupanda.

Watu walilipuka kwa kicheko. Walipigana mabega. Muuza duka alisema hao waandishi ni mashetani, wametupata kweli. Mtu akasema, "Mpaka msimu ujao tena, jamani." Walifurahi, na sikuwalaumu, walichokiona kilichekesha. Nilimtafuta mtoto. Alikuwa amesimama ukutani, anatazama majina.

Simu yangu ikaita. Alikuwa Bwana Tena, ana furaha, na kwa sauti yake chumba chote kilisikia. Alisema uamuzi ulitoka juu, dakika za mwisho. Wakubwa wa kituo waliuliza, watu wakishamsikia leo, msimu wa pili watangoja nini? "Kimya kingi kina mshindo mkuu, mama," akasema. "Msimu wa pili yeye ndiye picha kuu kwenye matangazo. Mbele ya Malkia."

Nilitaka kumjibu ninavyojua mimi kujibu. Kiherehere akaichukua simu mkononi mwangu.

"Shikamoo," akasema. "Nitaimba lini?"

"Usiwe na haraka, mwanangu. Haraka haraka haina baraka. Pengine mwisho wa msimu wa pili. Tutaona watu wanapokeaje."

"Na kabla ya hapo?"

"Vibanio. Ndivyo watu wanavyokupenda."

Aliangalia chini. Nilijua anachokitaka mtoto huyu kuliko mtu yeyote mle ndani. Picha kuu, mbele ya Malkia, ndicho alichokuwa akikiota tangu kiatu kile kilichokatika, na sasa kilikuwa sikioni mwake.

"Nashukuru," akasema. "Basi msinihesabu."

Bwana Tena alicheka, akadhani ni utani. Kisha akaelewa. Alimwambia atajuta. Kiherehere akasema inawezekana, akamuaga kwa heshima, akanirudishia simu. 

Sasa hapakuwa na aliyecheka. Muuza duka akaanza kusema kwamba mtoto akili hana, nafasi kama ile haiji mara mbili, ampigie yule bwana haraka aombe radhi. Wengine wakaokota viti vyao polepole, macho chini, kama watu wanaotoka msibani. Mtoto alikuwa anatetemeka kidevu na anajitahidi kisionekane.

Dada yangu akanyanyuka, akazima televisheni.

"Kaeni," akawaambia. "Hajamaliza."

"Mama, imekwisha," Kiherehere akasema. "Wameikata."

"Mimi sikubadilisha zamu nije kutazama kioo cheusi. Uliniambia nitakusikia leo. Imba."

Alisema hana muziki. Mama yake akasema hakuja kusikiliza muziki. Watu wakarudi chini, muuza duka naye. Kiherehere akafuta uso kwa mkono wa gauni, akasogea katikati ya chumba, akaanza chini mno, akaacha, akameza mate, akaanza upya. Ilikuwa ile ya studio, ile nzito. Ilimkatika pale pale, na hapakuwa na fundi wa kuichukua, akapita. Niliwaona majirani hawajui watazame wapi, maana mtu anaimba mbele yako karibu hivyo, huna pa kuficha uso wako. Mimi nililia na sioni haya kusema. Dada yangu hakulia. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono magotini, akamtazama binti yake kama anayemsoma, mpaka neno la mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Kiherehere alingoja, na safari hii hakuuliza kama ni nzuri.

"Kumbe ndio wewe," mama yake akasema.

"Ndio mimi, mama."